MJI UKIKUA, SHAMBA LISIPOTEE: MAANA YA KUPANGA ARDHI KWA KISIWA KIZIMA

Sensa ya watu na makaazi ya mwaka 2022 ilionesha kuwa Zanzibar ina wakaazi 1,889,773. Miaka 10 kabla yake, katika sensa ya mwaka 2012, walihesabiwa watu 1,303,569. Na katika sensa ya mwaka 1967, iliyokuwa ya kwanza baada ya Mapinduzi, idadi yao ilikuwa kiasi cha 355,000 tu. Katika muda wote huo kisiwa cha Unguja hakikuongezeka hata pima moja, wala kisiwa cha Pemba. Kuongezeka kwa watu ni jambo la kheri. Hata hivyo, ardhi watakayojengea, watakayolima na watakayochimba visima vyao ni ile ile waliyoiacha wazee.

Ongezeko hilo halikuenea sawasawa. Mkoa wa Mjini Magharibi ulikuwa na watu 593,678 mwaka 2012, nao ukafikia watu 893,169 mwaka 2022. Kwa hivyo zaidi ya nusu ya ongezeko lote la Zanzibar katika miaka hiyo 10 limeangukia katika mkoa mmoja, ambao ndio mdogo kwa eneo katika mikoa mitatu ya Unguja. Makala haya yanakusudia kueleza kwa nini mji pekee hauwezi kupangwa ukapangika bila ya kupangwa shamba, na ni wajibu gani unaowahusu watendaji wa Serikali, masheha na wananchi katika jambo hilo.

ARDHI YA UNGUJA HAIFANANI

Mkulima wa Unguja huitambua ardhi kwa majina yake. Upande wa magharibi na katikati ya kisiwa ipo ardhi yenye kina, ya kinongo na ya mchanga, inayostawisha minazi, mikarafuu, migomba, muhogo na matunda ya kila aina. Baina ya vilima yapo mabonde yenye udongo mzito unaoshika maji, ambamo mpunga hulimwa, kama vile Mtwango, Bumbwisudi, Kibokwa na Cheju. Upande wa mashariki na kusini sehemu kubwa ni uwanda, yaani ardhi ya mawe ambayo udongo wake ni mchache na umejificha katika nyufa. Huko mkulima hulima kipande kwa misimu michache, kisha hukiacha kirudi kuwa msitu.

Mji wa Zanzibar uko upande wa magharibi. Ulianzia Shangani, penye bandari, ukavuka mkono wa bahari uliokuwepo Darajani na kuenea Ng'ambo, na tangu hapo umekuwa ukisogea kuelekea mashariki, kaskazini na kusini. Mwanakwerekwe, Tomondo, Fuoni, Kisauni, Kianga, Mwera na Bububu ni majina yaliyokuwa ya mashamba na vijiji, na leo mengi yao ni ya mitaa. Kutokana na mahali ulipo, kila mji unapopiga hatua moja mbele huikanyaga ardhi iliyo bora ya kisiwa. Iwapo mji huo ungekuwa katikati ya uwanda, hasara ya kilimo ingekuwa ndogo. Kwa kuwa uko ulipo, kila nyumba inayojengwa pasipo mpango inaondoa sehemu ya udongo ambao haupatikani kwengineko.

Jambo hilo linahusu pia maji. Unguja haina mto mkubwa wala ziwa la kutegemea, na maji ya kunywa hutoka chini ya ardhi, katika chemchem na visima. Tangu zama za Sayyid Barghash, aliyetawala kuanzia mwaka 1870 hadi 1888, maji ya mji yalivutwa kwa mfereji kutoka chemchem za upande wa Bububu, na msitu wa Masingini ulio juu yake umehifadhiwa hadi leo kwa ajili ya kulinda vianzio vya maji. Mvua inayonyesha juu ya msitu au konde huzama taratibu ardhini na kuwa akiba. Mvua hiyo hiyo ikinyesha juu ya mabati na saruji hukimbia juu juu, ikaingia katika nyumba za watu walio bondeni, na kisha ikapotea baharini. Aidha, penye nyumba nyingi zilizobanana, kila moja na karo lake na choo chake cha shimo, uchafu huzama kuelekea maji yale yale yanayovutwa na kisima cha jirani.

MIPANGO ILIYOTANGULIA

Si kweli kwamba mji wa Zanzibar haukuwahi kupangwa. Mwaka 1923 ulichapishwa mpango uliotayarishwa na Lanchester, mtaalamu kutoka Uingereza. Mwaka 1955 ilitungwa sheria ya mipango ya miji na vijiji, na mwaka 1958 ukafuata mpango wa Kendall. Baada ya Mapinduzi, wataalamu kutoka Ujerumani ya Mashariki walitayarisha mpango wa mwaka 1968, na katika zama hizo yakajengwa majumba ya maendeleo ya Michenzani. Mwaka 1982 ulitolewa mpango mkuu mwengine kwa msaada wa wataalamu kutoka Jamhuri ya Watu wa China.

Mipango yote hiyo minne ilikuwa na manufaa yake, lakini ilifanana katika jambo moja: iliutazama mji na viunga vyake. Penye mwisho wa ramani ya mji palikuwa ndio mwisho wa mpango. Nje ya mstari huo shamba liliachwa bila ya maelezo, kana kwamba litajilinda lenyewe. Mji ulipojaa, wananchi waliokosa kiwanja ndani ya ramani walikwenda kukitafuta nje yake, na huko hapakuwa na mtu wa kuwaambia wapi pajengwe nyumba na wapi pabaki konde.

Mpango wa Taifa wa Matumizi ya Ardhi wa mwaka 1995 ndio ulioanza kuitazama Zanzibar nzima, mjini na shamba, kuwa ni kitu kimoja. Katika miaka ya 2010 kazi hiyo iliendelezwa kwa kutayarishwa mkakati wa maendeleo ya ardhi na makaazi kwa visiwa vyote viwili, pamoja na mpango mpya wa mji. Kwa hivyo fikra ya kupanga kisiwa kizima si ngeni Zanzibar. Kilichobaki ni kueleweka kwake na kutekelezwa kwake katika kila shehia.

EKA TATU NA VIWANJA

Mwaka 1965, huko Dole, Serikali ya Mapinduzi ilianza kuwagaia wananchi wasiokuwa na ardhi mashamba ya eka tatu tatu. Madhumuni yake yalikuwa wazi: familia ya mkulima ipate mahali pa kulima chakula chake na miti ya kujipatia kipato. Sheria ya Matumizi ya Ardhi ya mwaka 1992 nayo imethibitisha kuwa ardhi yote ni mali ya umma iliyo chini ya dhamana ya Rais kwa niaba ya wananchi, na kwamba alichonacho mtu ni haki ya kuitumia. Shamba la eka tatu lilitolewa lilimwe. Halikutolewa likatwe viwanja.

Hata hivyo, hali ya maisha ina nguvu zake. Mzee aliyepewa shamba hufariki na kuacha watoto saba. Watatu wanaishi mjini, wawili wameajiriwa, na hapana aliye tayari kulima. Hutokea mtu akawaambia kuwa minazi ile imezeeka, na kwamba kiwanja kimoja kitawapatia fedha ambazo shamba zima halitawapa kwa miaka mingi. Kwa upande wa pili yupo kijana aliyeoa, anayelipa kodi ya chumba kila mwezi, aliyeomba kiwanja kilichopimwa na hakukipata kwa wakati. Wawili hao wakikutana, biashara hufanyika kwa karatasi iliyoandikwa kwa mkono na mashahidi wawili. Hapana haja ya kumwita yeyote kati yao mhalifu. Kila mmoja ana haja yake, na haja zote mbili ni za kweli.

Tatizo huonekana baadae, biashara hiyo inaporudiwa mara mia. Eka tatu ni kiasi cha mita za mraba 12,000. Zikikatwa kwa viwanja vya mita 20 kwa 20, hupatikana viwanja 30 iwapo hapataachwa hata njia. Na mkataji anayetaka faida haachi njia. Baada ya miaka michache pana nyumba 30, na gari ya zimamoto haifiki, gari ya kuvuta karo haifiki, maiti hubebwa kwa kupenya baina ya kuta, na mtaro wa maji ya mvua hauna pa kupita. Serikali inapotakiwa kupeleka barabara au skuli, hulazimika kwanza kuvunja nyumba na kulipa fidia. Gharama iliyokwepwa siku ya kukata viwanja hulipwa siku hiyo, tena ikiwa imezidi mara kadhaa, na wanaoilipa ni wananchi wote.

HESABU INAYOPASWA KUFIKIRIWA

Ni vyema jambo hili likapimwa kwa hesabu nyepesi. Watu walioongezeka katika Mkoa wa Mjini Magharibi baina ya mwaka 2012 na 2022 ni karibu 300,000. Kaya moja ikikisiwa kuwa na watu watano, hizo ni kaya 60,000. Iwapo kila kaya itajenga nyumba ya chini katika kiwanja cha mita 20 kwa 20, zitahitajika hekta 2,400, sawa na kilomita za mraba 24, bila ya kuhesabu barabara, skuli, masoko, misikiti na makaburi. Hiyo ni sawa na karibu mashamba 2,000 ya eka tatu katika miaka 10 tu, kwa mkoa mmoja tu.

Kasi ya ongezeko la watu kwa Zanzibar nzima katika miaka hiyo ilikuwa asilimia 3.7 kwa mwaka. Kasi kama hiyo ikiendelea, idadi ya watu huongezeka maradufu katika muda wa miaka 19 hivi. Mtoto anayeanza darasa la kwanza hivi sasa atakuwa bado ni kijana wakati haja ya nyumba itakapokuwa imefikia mara mbili ya ilivyo sasa.

Aidha, nyumba hula ardhi mara mbili. Inakalia udongo wa mahali ilipojengwa, na inahitaji mchanga na mawe yanayochimbwa mahali pengine. Mashimo ya mchanga yaliyoachwa wazi katika baadhi ya maeneo ya Mkoa wa Kaskazini Unguja ni mashamba yaliyohamishiwa mjini kwa gari. Kwa hivyo hata kijiji kilicho mbali na mji, ambacho hakijaona mgeni akija kununua kiwanja, kinaguswa na namna mji unavyojengwa.

Hasara ya mwisho hufika jikoni. Sehemu kubwa ya mchele unaoliwa Zanzibar huagizwa kutoka nje. Kila bonde la mpunga linalojazwa kifusi huongeza utegemezi huo, na bei ya chakula ikipanda katika nchi za mbali, mwananchi wa Unguja na Pemba hana budi kuilipa.

MAANA YA KUPANGA KWA KISIWA KIZIMA

Mpango wa namna hii huanza kwa kuuliza kila kipande cha ardhi kinafaa kwa jambo gani zaidi kuliko mengine, ndipo baadae huulizwa nani anakitaka. Majibu yake huwekwa katika ramani moja inayotumiwa na wizara zote. Mambo makuu yanayozingatiwa ni haya yafuatayo:

1. Maeneo yasiyojengwa kabisa. Haya ni mabonde ya mpunga, vianzio vya maji, misitu ya hifadhi, mikoko, na mapito ya maji ya mvua. Miongoni mwake ni Hifadhi ya Taifa ya Jozani na Ghuba ya Chwaka, iliyotangazwa mwaka 2004.

2. Maeneo ya kilimo yanayoendelea kulimwa. Hapa mkulima ana nyumba yake na ya watoto wake, lakini shamba halikatwi viwanja vya kuuza.

3. Mpaka wa mji. Huu ni mstari unaoeleza mji utafika wapi katika kipindi kilichowekwa. Ndani yake viwanja hupimwa mapema, njia na mitaro huchorwa kabla ya nyumba, na majengo ya ghorofa hupewa nafasi, ili watu wengi wakae katika ardhi ndogo.

4. Miji midogo ya shamba. Penye hospitali, skuli, soko na ajira, kijana hana sababu ya kukimbilia mjini. Kuviimarisha vituo kama Mkokotoni, Chwaka na Makunduchi, na kwa upande wa Pemba Wete, Chake Chake na Mkoani, ni njia mojawapo ya kuupunguzia mji mzigo wake.

5. Njia za usafiri. Barabara mpya huvuta nyumba kandokando yake. Kwa hivyo anayechagua barabara ipite wapi ndiye pia anayechagua shamba gani litageuka mtaa, na uamuzi huo hauwezi kuwa wa idara moja.

Jambo la tatu na la nne hutegemeana. Mpaka wa mji usiokuwa na viwanja vya kutosha ndani yake ni mstari wa karatasi tu, na watu watauruka. Vile vile, kupima viwanja bila ya kuweka mpaka ni kuufungulia mji mlango wa kwenda shamba.

MFANO KUTOKA NJE

Tatizo hili si la Zanzibar peke yake, na nchi nyengine zimelijaribu kwa njia zao. Katika jimbo la Oregon, nchini Marekani, wakulima na wakaazi walikuwa na khofu ya kulipoteza bonde lao lenye rutuba kwa nyumba za miji. Mwaka 1973 jimbo hilo lilipitisha sheria iliyoutaka kila mji uweke mpaka wa ukuaji wake. Mji mkubwa wa huko, Portland, uliwekewa mpaka wake mwaka 1979, na mpaka huo unazijumuisha manispaa nyingi kwa pamoja chini ya chombo kimoja cha mipango. Ndani ya mpaka hutakiwa kuwepo ardhi ya kutosha kwa mahitaji ya makaazi ya miaka 20, na mstari hupitiwa tena kila baada ya muda. Nje yake shamba hubaki shamba.

Utaratibu huo haukukosa wapinzani. Wapo wanaosema kuwa umepandisha bei ya nyumba, na wapo wenye mashamba waliodai kuwa wamezuiliwa kunufaika na mali yao. Zanzibar ina sheria na desturi zake, na haiwezi kunakili mambo ya Oregon kama yalivyo. Lakini mafunzo mawili yanafaa kuchukuliwa: mpaka wa mji huheshimiwa pale tu penye nafasi ya kujenga ndani yake, na manispaa, wilaya na mikoa haziwezi kufaulu iwapo kila moja itachora ramani yake peke yake.

WAJIBU WA KILA MMOJA

Kwa watendaji wa Serikali, jambo la mwanzo ni kushauriana. Afisa wa kilimo, wa maji, wa barabara, wa umeme na wa ardhi hawana budi kuitazama ramani moja kabla ya kazi kuanza. Haifai idara moja ikataze ujenzi katika bonde, na nyengine ipeleke nguzo za umeme katika bonde hilo hilo. Mwananchi anayeona huduma imefika huamini kuwa Serikali imekubali. Pia upimaji wa viwanja unapaswa kuutangulia mji, usiufuate nyuma, kwani kuchelewa kwa kiwanja halali ndiko kunakolipa nguvu soko la viwanja visivyo halali.

Kwa masheha, wao ndio wa kwanza kuona jiwe la msingi likitiwa na kamba ya mkataji ikivutwa shambani. Sheha anayejua mipaka ya bonde, ya kianzio cha maji na ya eka tatu katika shehia yake, na akatoa taarifa mapema, huokoa nyumba zisijengwe mahali ambapo zitakuja kuvunjwa. Kutoa taarifa siku ya kamba ni rehema; kutoa taarifa baada ya paa kuezekwa ni msiba kwa aliyejenga.

Kwa mwananchi anayetaka kununua, anashauriwa afanye mambo matatu kabla ya kutoa fedha yake. Kwanza, aulize kwa sheha na kwa majirani ardhi hiyo ni ya nani na ilikuwa ya matumizi gani. Pili, afike katika ofisi inayohusika na ardhi aulize iwapo eneo hilo limepangwa kwa makaazi, na iwapo shamba ni la eka tatu, la wakfu au la Serikali. Tatu, aende kulitazama eneo lenyewe wakati wa masika, maana bonde halijifichi siku ya mvua kubwa. Kisha atafute kibali cha ujenzi kabla ya kuchimba msingi. Wahenga walisema, mali bila ya daftari huisha bila ya habari. Na ardhi ni mali inayohitaji daftari kuliko mali nyengine yoyote.

Kwa mwenye shamba, ni vyema akumbuke kuwa fedha ya kiwanja huliwa mara moja na udongo hula watoto na wajukuu. Iwapo familia haina wa kulima, shamba linaweza kukodishwa kwa mkulima aliye tayari, na likabaki shamba.

Mchikichi uliokatwa unaweza kupandwa mwengine, na nyumba iliyobomoka inaweza kujengwa upya. Bonde lililojazwa kifusi na kuwekwa saruji halirudi kuwa bonde katika uhai wa mtu. Kwa sababu hiyo uamuzi wa wapi mji ukue hauwezi kuachiwa bahati wala haja ya siku moja. Ardhi ni amana ya waliopo kwa wanaokuja, na amana hurejeshwa ikiwa kamili.